Kuchora mwimo wa mlango kwa FreeCAD: mwanzo wa fundi wa Lamu

Katika nyumba za mawe na chokaa za Mkomani, mtaa wa Lamu, ni nadra kukuta nafasi mbili za milango zenye kipimo kimoja. Ndiyo sababu FreeCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, inamfaa seremala wa hapa: mchoro uliofungwa vizuri, yaani ambao vipimo vyake vyote vimewekwa, unabadilika wote kwa kugusa namba moja. Usipofungwa, utachora upya kila mlango.

Programu hii ni ya bure. Pakua toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, au jipya zaidi. Faili ni kubwa, basi tafuta mtandao mzuri. Ukishasakinisha huhitaji intaneti tena. Nunua kipanya chenye gurudumu. Ukiwa huna, badilisha mtindo wa kusogeza uwe Gesture kwenye kona ya chini kulia: ukishika kitufe cha kushoto na kuburuta, umbo linazunguka; ukiburuta kwa kitufe cha kulia, linahama.

Anza na kipande kimoja, mwimo (mti wa pembeni wa fremu ya mlango), wala usianze na mlango mzima. Kwanza pima mbao yenyewe. Mbao ya nne kwa tatu ikishapigwa randa haibaki inchi nne kwa tatu. Hapa tunachukua milimita 95 kwa 70. Ukipenda inchi, andika 4 in na programu itageuza kuwa milimita 101.6.

Fungua Spreadsheet, sehemu ya majedwali, tengeneza jedwali, kisha uandike 2100 mm kwenye B1, 95 mm kwenye B2 na 70 mm kwenye B3. Bofya kila seli kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, na kwenye Alias uipe jina: urefu, upana, unene. Usitumie jina linalofanana na kizio, kama m, litakataliwa.

Sasa nenda Part Design, sehemu ya kuunda vipande, tengeneza Body (kipande chenyewe), kisha Sketch (mchoro bapa) juu ya bapa la XY, lile lililolala. Chora mstatili popote, bila kujali ukubwa. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu, kwa kuwa wanaona umbo limekaa sawa wakadhani limekwisha. Mstatili huo bado una uhuru wa aina nne: upana, kimo, na kuhama kwa pande mbili. Bofya pembe mbili zinazokabiliana kimshazari, kisha nukta ya kati ya mchoro, halafu kifungo cha Symmetric. Mstatili hautahama tena. Mpe mstari wa juu kipimo cha mlalo, =Spreadsheet.upana, na wa pembeni kipimo cha wima, =Spreadsheet.unene. Mistari ikigeuka kijani, mchoro umefungwa. Ukipata onyo la Redundant, umefunga jambo lile lile mara mbili, mathalani umeupa na mstari wa chini upana. Futa kimoja, usiongeze kingine.

Toka kwenye mchoro, bofya Pad inayouinua mchoro kuwa kipande, na kwenye urefu andika =Spreadsheet.urefu. Mwimo umesimama.

Tundu la ulimi wa kizingiti cha juu, yaani ncha yake inayoingia kwenye mwimo, linataka uangalifu zaidi. Chora Sketch mpya juu ya bapa la YZ, linalopita katikati ya mwimo, si juu ya uso wa mwimo. Mchoro uliobandikwa usoni huweza kung'oka unapobadilisha hatua za nyuma, kwa kuwa nyuso hupewa majina upya. Toleo la 1.0 limepunguza tatizo hilo, halikulimaliza. Chora mstatili mdogo wenye upana =Spreadsheet.unene / 3, ile theluthi ya kawaida ya useremala, na kimo 60 mm. Pembe ya chini kushoto iwe umbali wa =Spreadsheet.unene / 6 kutoka mhimili wa wima, upande wake wa kushoto, na =Spreadsheet.urefu - 100 mm kutoka chini. Bofya Pocket, inayochimba tundu, andika 50 mm. Nusu ya mwimo ni 47.5; zile 2.5 za ziada zinapita hewani na kuhakikisha uso umetoboka. Tundu likitokea upande usiotaka, weka alama kwenye Reversed.

Jaribu: badilisha 2100 iwe 1980. Mwimo ushuke na tundu lishuke nao, likibaki milimita 40 chini ya ncha. Likibaki juu, kuna kipimo umekiandika kwa namba badala ya jina.

Nakshi iache kwa patasi. FreeCAD haikuundwa kwa maua na mizunguko, na kuyachora humo ni kujichosha.

Ili uchape, ingia TechDraw, sehemu ya michoro ya karatasi, chagua karatasi ya A4 iliyosimama, weka umbo kwa skeli ya 1:10, kisha utoe PDF. Saiba wakichapa kwa kubana ukurasa, skeli inapotea. Waambie wachape kwa ukubwa halisi. Weka rula juu ya mwimo wa milimita 2100: usome milimita 210 kamili, la sivyo karatasi hiyo usiipeleke karakanani.