Protini hatua kwa hatua: anza na herufi za jeni, malizia na yai, ini na mrututu

Mwanafunzi anaweza kukariri ngazi nne za umbo la protini na bado akakwama kwenye swali moja: yai likichemshwa, ni kitu gani hasa kinachobadilika, na kipi kinabaki vilevile? Mwongozo huu umepangwa kulifuata swali hilo. Nusu yake ni ya karatasi na kalamu, nusu ni ya mezani. Unawafaa walimu wa baiolojia na wanafunzi wa kidato cha nne hadi cha sita, hata shule isiyo na maabara kamili.

Mahitaji

Mrututu (chumvi ya shaba, yaani kopa salfeti) na kostiki soda (sodiamu haidroksaidi) hupatikana kwenye maduka ya kemikali na ya pembejeo. Ukizunguka Kariakoo hukosi. Duka la dawa litakupa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, glavu, na mabomba ya sindano ya ml 5 bila sindano, ambayo ni vipimo vizuri na vya bei ndogo. Ongeza mayai mawili, maziwa fresh, robo kilo ya maharage, ini bichi la ng'ombe na ndimu. Chupa ndogo za glasi zinazopitisha mwanga zinatosha badala ya mirija ya majaribio.

Maji nayo yachague. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na magnesiamu iliyomo ikikutana na kostiki soda hutoa wingu jeupe ambalo mwanafunzi ataliandika kama matokeo. Nunua maji ya betri, maana hayo yamekenekwa. Soma lebo kwanza: asidi ya betri huuzwa sehemu zilezile, na ni hatari kubwa.

Hatua ya 1: Chora asidi amino moja, kisha ziunge mbili

Chora kaboni moja katikati. Iwekee mikono minne: kundi la amino (NH₂), kundi la kaboksili (COOH), haidrojeni, na mkia unaoandikwa R. Viumbe hai hujenga protini zao kwa aina 20 za kawaida za asidi amino, na tofauti yake yote iko kwenye huo mkia. Kuna mikia inayopenda maji, inayoyakimbia, yenye chaji chanya na yenye chaji hasi. Mkia wa sisteini una salfa, na sisteini mbili zinaweza kushikana.

Sasa chora ya pili ubavuni. Toa OH kwenye kaboksili ya kwanza, toa H kwenye amino ya pili, andika H₂O pembeni, kisha unganisha C na N. Hicho ndicho kifungo cha peptidi. Kiwekee alama ya rangi, kwa sababu utakihitaji tena kwenye Hatua ya 4.

Hatua ya 2: Soma jeni kwa mkono

Hapa usiharakishe. Huu ni mwanzo wa jeni halisi ya binadamu inayotengeneza mnyororo wa beta wa himoglobini, ukiwa umeandikwa kwa uzi wa DNA unaonakiliwa:

TAC CAC GTA GAC TGA GGA CTC CTC TTC

Kwanza nakili kuwa mRNA, yaani nakala ya RNA inayobeba ujumbe wa jeni: A inakuwa U, T inakuwa A, G inakuwa C, C inakuwa G. Unapaswa kupata:

AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG

Kazi hii seli huifanya ndani ya kiini. mRNA ikishahaririwa hutoka nje na kupokelewa na raibosomu, inayosoma herufi tatutatu. Kila kundi la herufi tatu ni kodoni moja. Fungua jedwali la kodoni usome: methionini, valini, histidini, lusini, threonini, prolini, asidi ya glutamiki, asidi ya glutamiki, laisini. Methionini ya mwanzo huondolewa baadaye, kwa hiyo valini ndiyo inayohesabiwa namba 1 na asidi ya glutamiki ya kwanza inakuwa namba 6. Mnyororo mzima una asidi amino 146. Raibosomu ya binadamu huongeza takriban tano kwa sekunde, kwa hiyo mnyororo mmoja huchukua karibu nusu dakika.

Makosa yanayojirudia hapa ni mawili. La kwanza ni kupeleka herufi za DNA moja kwa moja kwenye jedwali, wakati jedwali ni la mRNA. La pili ni kutafsiri antikodoni. Antikodoni iko kwenye tRNA, ile inayobeba asidi amino. Inalingana na kodoni, lakini siyo inayotafutwa kwenye jedwali. Mwanafunzi akikuletea jibu la ajabu, muulize ameanzia herufi ipi na amesoma uzi upi. Mara nyingi tatizo liko hapo.

Ukishapata jibu sahihi, liharibu kwa makusudi, kosa moja kwa wakati.

Badilisha kodoni ya saba kutoka GAG kuwa GAA. Bado ni asidi ya glutamiki. Kodoni ni 64 na asidi amino ni 20 tu, hivyo nyingi zina zaidi ya kodoni moja, na herufi ya tatu mara nyingi hubadilika bila madhara.

Badilisha kodoni hiyohiyo kuwa UAG. Hiyo ni amri ya kusimama. Mnyororo unakatikia hapo na himoglobini haipatikani.

Rudi mwanzo, ufute G ya kwanza baada ya AUG, kisha ugawe upya tatutatu: AUG UGC AUC UGA. Methionini, sisteini, isolusini, basi. Herufi moja iliyopotea imehamisha usomaji wote na kuleta amri ya kusimama mapema mno. Waache wanafunzi waligundue wenyewe, usiwatajie.

Mwisho, badilisha GAG ya saba kuwa GUG. Sasa namba 6 ni valini badala ya asidi ya glutamiki. Hii ndiyo selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Dar zinaufahamu kwa karibu. Vernon Ingram alionyesha badiliko hili la asidi amino moja mwaka 1957. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na hukaa vizuri kwenye maji, valini huyakimbia. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini ile hujificha kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, nyingine hufuata, na nyuzi ndefu hujengeka ndani ya chembe nyekundu mpaka ikapinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu, na hapo ndipo upungufu wa damu unapotokea.

Unapofundisha sehemu hii, usimwombe mwanafunzi aseme kama anao ugonjwa huo au kama upo kwao. Darasani anaweza kuwemo aliyetoka kliniki ya Muhimbili wiki hiyohiyo.

Hatua ya 3: Kunja mnyororo

Fupi tu. Mpangilio ulioandika kwenye Hatua ya 2 ni ngazi ya kwanza. Mnyororo ukijisokota kwa vifungo vya haidrojeni unapata heliksi ya alfa, yenye asidi amino 3.6 kwa kila mzunguko, au shiti za beta. Hiyo ni ngazi ya pili. Ya tatu ni umbo zima: mikia inayokimbia maji inajikusanya ndani, inayoyapenda inabaki nje, na salfa za sisteini zinashikana. Ya nne ni minyororo kadhaa kuungana. Himoglobini ina minne, alfa miwili na beta miwili, kila mmoja na hemu yake yenye atomu ya chuma.

Raibosomu za bakteria zina umbo tofauti na zile zilizo kwenye saitoplazimu ya seli zetu. Ndiyo maana doksisaikilini, dawa ya antibiotiki, inaweza kuzuia tRNA isikae kwenye raibosomu ya bakteria huku mgonjwa akiendelea kutengeneza protini zake. Ukiulizwa darasani umbo la molekuli lina faida gani, jibu moja ni hilo.

Hatua ya 4: Jaribio la biureti

Tayarisha kostiki soda ya asilimia 10: weka maji ya betri kama ml 80 kwenye chombo cha plastiki kigumu au glasi, ongeza gramu 10 za kostiki soda kidogokidogo ukikoroga, acha ipoe, kisha ongeza maji hadi ml 100. Soda ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimwagia maji juu ya soda yatachemka na kuruka usoni. Vaa glavu na miwani. Usitumie sufuria: nyingi ni za alumini, na kostiki soda huila alumini ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto.

Mrututu unatakiwa wa asilimia 1. Mizani ya jikoni haipimi gramu moja kwa uhakika, kwa hiyo pima gramu 5 na utengeneze ml 500.

Sampuli ni hizi. Ute wa yai: sehemu moja kwa tisa za maji, koroga taratibu bila kutoa povu, chuja kwa kitambaa. Maziwa: changanya nusu kwa nusu na maji. Maharage: loweka usiku kucha, saga yakiwa mabichi, chuja. Ukitumia maji ya maharage yaliyochemshwa utapata rangi hafifu, kwa sababu protini nyingi imegandia ndani ya punje. Chupa ya nne iwe ya maji matupu, na usiiruke, maana bila hiyo huna cha kulinganishia.

Weka ml 2 za sampuli, ongeza ml 2 za kostiki soda, tikisa. Dondoshea mrututu tone mojamoja, ukitikisa kila tone, mpaka matone matatu hadi matano. Subiri dakika tatu. Usichemshe. Zambarau maana yake protini ipo. Bluu maana yake haijaonekana.

Anayeharibu jaribio hili kwa kawaida ni mrututu uliozidi. Bluu yake hufunika zambarau, hasa kwenye sampuli nyepesi. Rudia na tone moja kabla ya kuandika kwamba protini haipo. Mabaki ya mbolea ya amonia kwenye chupa nayo hudanganya, kwa kuwa amonia na shaba hutoa bluu iliyokolea sana. Ukiona bluu nzito isiyo ya kawaida, osha chupa upya.

Kinachotoa zambarau ni shaba kushikwa na vifungo vya peptidi, vile ulivyovitia rangi kwenye Hatua ya 1. Asidi amino ikiwa pekee haitoi rangi hiyo. Na rangi haikuambii ubora wa protini kwa mlaji. Mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani. Maharage yana laisini nyingi lakini methionini kidogo. Makande yanaziba mapengo ya pande zote mbili, na chupa zako hazitaonyesha hilo.

Hatua ya 5: Vunja umbo, acha mnyororo

Chemsha yai la pili mpaka ligande. Chukua kipande cha ute kama punje ya harage, kiponde ndani ya ml 2 za kostiki soda, acha dakika kumi, kisha ongeza ml 2 za maji na matone ya mrututu. Zambarau inatokea tena. Moto haukukata vifungo vya peptidi. Mpangilio uko palepale. Kilichopotea ni mkunjo: minyororo imefunguka, ikanasana, ikaganda.

Je, protini iliyopoteza mkunjo bado inafanya kazi? Hapo ndipo ini linapohitajika, maana lina katalasi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Kata vipande vitatu vyembamba vya ukubwa uleule, takriban sentimita moja kwa moja. Cha kwanza kiache kibichi. Cha pili kichemshe dakika tano. Cha tatu kiloweke kwenye maji ya ndimu dakika kumi. Kila kimoja kitie kwenye chupa yake ndefu yenye ml 5 za peroksaidi, na pima kimo cha povu kwa rula baada ya dakika moja.

Kibichi kitafura povu mara moja. Ukiingiza njiti yenye kaa juu ya povu, itawaka upya kwa sababu ya oksijeni. Kilichochemshwa kitakaa kimya. Cha ndimu kitatoa povu kidogo, maana asidi imebadili chaji za mikia iliyokuwa imeshikilia umbo.

Kipande kilichochemshwa kikitoa povu, kikate: kwa kawaida katikati bado ni kibichi. Vyote vitatu vikikaa kimya, peroksaidi imeisha nguvu, jambo la kawaida kwa chupa iliyofunguliwa zamani au iliyokaa kwenye joto na mwanga. Kimoja kikizidi sana, angalia kama kimesagika, kwani ini lililopondwa huachia katalasi nyingi zaidi. Nunua ini asubuhi ya siku ya kazi na uliweke kwenye barafu. Kwa joto la Dar halifiki jioni likiwa zima.

Anayetaka kwenda mbele alinganishe na papai bichi linalopakwa kwenye nyama ya mishikaki. Papaini iliyo kwenye utomvu wake hukata vifungo vya peptidi vyenyewe, tofauti na moto na ndimu. Nyama ikiachwa nayo kwa muda mrefu huwa rojo, na ukiichemsha papaini yenyewe haikati tena, kwa sababu nayo ni protini.

Ukimaliza, kusanya mabaki yenye mrututu kwenye chupa moja yenye lebo, uiweke mbali na watoto, na umkabidhi mwalimu wa kemia. Usiyamwage kwenye mtaro, kwa sababu shaba ni sumu kwa samaki. Kostiki soda iliyobaki funga kwa kifuniko cha plastiki, siyo cha bati, na uandike tarehe.