Kupanda na kushuka Usambara kwa gari: hatua kwa hatua, peke yako au kwa msafara

Ukitoka Mombo unapanda kwa lami, kona baada ya kona, kutoka chini ya mita 500 hadi Lushoto kwenye mita 1,400 hivi. Huko hata gari dogo linafika. Mambo hubadilika ukishaacha lami kuelekea Mtae na Mambo, na zaidi ukichepuka kufuata njia za mashambani: udongo mwekundu, ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili. Nimepeleka wageni na mizigo huko kwa miaka mingi. Ninayoandika hapa ndiyo ninayomfundisha kila kijana anayeanza kazi na mimi.

Hatua ya 1: Uliza barabara kabla ya kuondoka

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia nyingi za pembeni ziache kabisa. Wakati wa vuli pima siku kwa siku. Kabla ya kuacha lami simama kwenye kijiwe cha bodaboda uulize, lakini usiulize kama njia inapitika. Pikipiki inapita penye upana wa futi mbili, kwa hiyo kijana atakujibu kwa moyo safi kwamba inapitika. Muulize gari la mwisho limepita lini, na lilikuwa gari gani. Akisema Fuso imepita asubuhi ya leo, umepata jibu. Akisema Noah ilipita juzi kabla ya mvua, bado hujapata.

Kama uko peke yako, mwachie mtu ujumbe: unapita wapi, unalala wapi, na ikifika saa ngapi bila kukusikia aanze kukutafuta. Taja saa kamili, usiseme "jioni". Mimi nimejiwekea saa nane mchana. Kama saa hiyo sijamaliza sehemu ngumu, nageuza. Na njia ambayo ningeijaribu tukiwa magari matatu, nikiwa peke yangu siigusi.

Hatua ya 2: Andaa gari ukiwa bado kwenye lami

Kagua breki, mafuta ya breki, maji ya rejeta, matairi yote pamoja na la akiba. Beba sepetu, panga, kamba ya kuvutia, kabari mbili za mbao, tochi, maji ya kunywa na jeki yenye ubao mgumu wa kuiwekea chini, kwa sababu jeki peke yake huzama kwenye tope. Mzigo mzito ukae sakafuni. Magunia juu ya kariyeji ndiyo hupindua magari kwenye njia zinazolala upande.

Ukiingia kwenye udongo, punguza upepo wa matairi. Kama unatembea na 36 kwenye geji (psi), shusha hadi 26 au 28, ili tairi litandike na kushika vizuri. Usishushe kama huna pampu ya kurudishia. Kama gari lako lina habu za kufunga kwa mkono, yaani vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na foo wili, zifunge hapo hapo, si ukiwa umeshazama.

Hatua ya 3: Shuka utembee

Kila mahali usipoona mwisho wake, zima gari, vuta breki ya mkono, weka kabari, uende kwa miguu. Angalia ukingo wa nje: baada ya mvua mara nyingi umeliwa kwa chini, na juu unaonekana mzima. Ukanyage kwa kisigino. Ukibonyea, tairi lako lisipite hapo. Kwenye korongo lenye maji, vuka kwa miguu kwanza. Kama maji yanakusukuma au yamepita goti, subiri yapungue. Ukungu ukishuka, subiri vilevile.

Hatua ya 4: Kushuka

Ingiza foo wili nzito, ile ya L4 inayovuta kwa magurudumu yote manne kwa mwendo mdogo na nguvu nyingi, na gia ya kwanza ukiwa umesimama juu. Kisha toa mguu kabisa kwenye klachi, injini ndiyo ikuzuie. Breki iguse tu. Nyuma ikianza kuhama, mguu wako utataka kubana breki, lakini magurudumu yakijifunga usukani nao umekufa. Elekeza pua chini ya mteremko na uguse mafuta kidogo hadi matairi yashike tena. Ukisikia harufu ya breki kuungua, tafuta tambarare usimame zipoe zenyewe. Usizimwagie maji.

Hatua ya 5: Gari likikataa kupanda

Hapa ndipo watu wanapofia, kwa hiyo naomba usome taratibu.

Mwaka wangu wa pili kazini, nikiwa peke yangu, gari lilinigomea katikati ya mlima wenye nyasi mbichi. Nikakata usukani nigeuze pale pale. Gari likakaa ubavu kwenye mteremko, likaanza kuinama. Chupa ya maji iliyokuwa kwenye kiti cha abiria ikabingirika, ikaniangukia mapajani, na kwenye dirisha langu nikaona nyasi zinakuja karibu. Nilichoweza ni kukata usukani kuelekea bondeni. Gari likanyooka, likashuka na pua hadi kwenye matuta ya viazi. Mwenye shamba alinipa maji ya kunawa uso kabla hajaniuliza kitu chochote.

Usigeuze gari kwenye mteremko. Rudi nyuma ulikotoka, umenyooka, hivi:

Kanyaga breki, vuta na ya mkono, zima injini. Kanyaga klachi, ingiza rivasi ya foo wili nzito, kisha achia klachi yote. Sasa gia imeshika gari. Nyoosha usukani, angalia nyuma, achia breki ya mkono, halafu ya mguu polepole. Washa ufunguo bila kukanyaga klachi: injini itawaka na gari litaanza kurudi kwa mwendo wa mtu anayetembea. Usiguse klachi mpaka ufike chini. Magari mengine hayawaki bila klachi. Hayo bana breki zote mbili, washa, achia klachi taratibu mpaka gia ishike, ndipo uachie breki. Jifunze haya kwenye kilima kidogo karibu na nyumbani, mara kumi au zaidi.

Hatua ya 6: Mkiwa msafara

Mzoefu mmoja atangulie, mwingine afunge msafara akiwa na kamba na sepetu. Kila dereva anamwangalia aliye nyuma yake: kwenye njia panda hakati kona mpaka amwone. Kwenye mlima lipande gari moja tu, mengine yasubiri tambarare, wala yasisubiri chini yake.

Wa kuelekeza kwa mkono awe mmoja. Watu watano wakipaza sauti "kata kulia!", dereva hamsikii hata mmoja.

Mkikutana na gari njia nyembamba, kwa kawaida anayepanda hupishwa. Lakini Fuso ya mboga kutoka Lukozi ikishuka na shehena, mpishe wewe. Hana uwezo wa kusimama kama wewe. Rudi nyuma hadi penye upana, ukae upande wa ukuta.

Hatua ya 7: Kuvuta lililokwama

Chimba kwanza. Dakika ishirini za sepetu mara nyingi hufanya kamba isihitajike. Ikihitajika, funga kwenye ndoano iliyoshikwa na chesisi. Usifunge kwenye mpira wa chuma wa kuvutia trela, maana ukikatika unaruka kama risasi. Tandika blanketi zito katikati ya kamba, na watu wote wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe. Watoto wa kijiji watakuja kutazama. Usivute mpaka wamerudi nyuma.

Ukirudi kwenye lami toa foo wili, jaza upepo, chungulia chini kama kuna mafuta yanavuja. Kisha mpigie yule uliyemwachia ujumbe.