Kufunga bomba la moshi kwa utepe wa joto: nilivyofanya kwenye Hiace hapa Bukavu

Wiki mbili zilizopita shofere mmoja alinijia garajini na Hiace yake ya mazutu (dizeli), motere ya aina inayoitwa 3L. Hakuwa analalamikia nguvu. Abiria walikuwa wanakataa siti ya mbele. Aliyewahi kuendesha Hiace ya zamani anaelewa: motere iko chini ya siti, na ukipanda mlima wa Kadutu kwa gia ya kwanza, upepo hakuna, joto lote la kolekteri, kile chuma kinachokusanya moshi unapotoka kwenye motere, linakupanda miguuni. Alikuja na utepe wake wa joto mkononi, kile kitambaa kinachostahimili moto cha kuzungushia bomba la moshi, akitaka niuzungushe kuanzia kwenye kolekteri mpaka chini. Nilimfungia bomba, kolekteri nikaiacha wazi. Hii hapa kazi yenyewe na sababu zake.

Hatua ya 1: Amua unafunga wapi

Utepe unafanya kazi, hilo sina ubishi nalo. Joto linabaki ndani ya bomba na kutokea nyuma pamoja na moshi, badala ya kuoka nyaya na mipira iliyo jirani. Hewa inayovutwa na motere nayo haichemki sana. Gari la turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia motere hewa, linapata faida ya ziada, kwa sababu moshi uliobaki na joto lake unaisukuma turbo vizuri zaidi. Kwenye 3L isiyo na turbo usitegemee nguvu kuongezeka. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na hicho ndicho kinachoila nguvu ya motere. Utepe hauongezi hewa.

Hasara inatoka palepale inapotoka faida. Joto lisilotoka nje linabaki kwenye chuma. Kolekteri ya chuma cha kusubu inaweza kutanuka kupita kiasi, ikapinda au ikapasuka, na studi, zile boliti zinazoishika kwenye kichwa cha motere, zinateseka nayo. Kolekteri za mirija myembamba iliyochomelewa ziko hatarini zaidi. Watengenezaji wake wengi hawakupi dhamana ukizifunga.

Halafu kuna mvua. Kwetu inaanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Utepe unakunywa maji ya barabarani na kuyashikilia juu ya chuma, na chuma cha kawaida kikikaa hivyo kinaliwa na kutu usiyoiona. Gari linalotembea kila siku linajikausha lenyewe kwa joto lake. Gari linalolala uani wiki tatu, usilifunge kabisa.

Kwa hiyo msimamo wangu: kwanza rudisha ngao ya joto, lile bati la kiwandani linalofunika kolekteri. Magari mengi yanafika kwangu bila bati hilo kwa sababu fundi fulani alilitoa likipiga kelele na hakulirudisha. Bati likiacha nafasi ya sentimita moja au mbili, hewa inapita katikati na chuma kinapumua. Kama halipo, mchomeleaji atakukatia jingine. Utepe ni wa bomba linaloshuka kutoka kwenye kolekteri, basi.

Hatua ya 2: Vifaa

Utepe wa upana wa sentimita 5, kolie (vikazio) za inoksi, yaani chuma kisichoshika kutu, glavu, barakoa, mikono mirefu. Nyuzi za kioo za kawaida huandikiwa kiwango cha joto cha takriban nyuzi 550 hadi 650 za Selsiasi. Zinatosha kwa bomba la mazutu lisilo na turbo. Kwa gari la esansi (petroli) natumia utepe wa basalti, uliofumwa kwa nyuzi za jiwe la volkano, kwa sababu moshi wa esansi ukikazwa mlimani unaweza kuvuka nyuzi 800 karibu na kolekteri. Ukiletewa kitambaa cha amianti (asbesto) cha zamani, kikatae hata kikiwa cha bure. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

Urefu unapigwa hivi: bomba la kipenyo cha sentimita 5 lina mzunguko wa karibu sentimita 16. Kila mzunguko unafunika sentimita 4, maana moja inalaliana. Mita moja ya bomba ni mizunguko 25, yaani mita 4 za utepe. Nunua 5 kwa ajili ya kona.

Hatua ya 3: Tafuta uvujaji wote kabla hujagusa utepe

Ndugu, hapa usikimbie.

Nilipoanza kutumia utepe, nilifunga bomba la gari ambalo kifuniko cha valvu kilikuwa kinatoa jasho la mafuta. Niliyaona, nikasema ni kidogo. Mwenye gari akaenda Uvira. Siku ya kurudi, katikati ya mlima wa Ngomo, moshi mweupe ukajaa ndani ya gari pamoja na watoto wake. Nilimfuata kwa pikipiki, nikakaa chini ya gari kwa muda wa saa nne nikikata utepe vipandevipande kwa mwanga wa tochi, chuma bado cha moto. Tone la mafuta likiangukia bomba tupu linaungua na kuisha. Likiangukia utepe linanyonywa, la pili linafuata, la mia linafuata, mpaka siku ya mlima mrefu. Umeshajitengenezea utambi wa taa na kuuzungushia chuma cha moto.

Sasa nafanya hivi. Naosha upande wote wa kolekteri kwa brashi na sabuni, naukausha, kisha napuliza poda ya mtoto kwenye kifuniko cha valvu, kwenye viungo vya mipira na kando ya gasketi. Nawasha motere dakika 20, nikiiongezea moto mara kwa mara. Poda ikilowa, pale ndipo panapovuja. Angalia pia mafuta ya breki, ya klachi na ya usukani, maana yote yanashika moto. Usitosheke na mara moja: mwambie mwenye gari aende nalo siku mbili, arudi, rudia poda. Mashofere hawapendi kungoja. Mimi siku hizi sifungi gari ambalo halijarudi mara ya pili.

Moshi nao una uvujaji wake. Motere ikiwa baridi, mwambie mtu azibe nyuma ya bomba kwa kitambaa kinene sekunde chache huku wewe ukisikiliza mbele. Ukisikia mlio wa pst-pst au ukiona masizi meusi kwenye maungio, badilisha gasketi kwanza. Utepe utauficha ufa huo, na kwenye Hiace sumu inayotoka pale inapanda moja kwa moja chini ya siti ya watu.

Hatua ya 4: Toa bomba

Mafuta ya kulegeza kutu usiku, fungua asubuhi. Sugua kutu yote kwa brashi ya chuma, paka rangi ya joto kali, acha ikauke.

Hatua ya 5: Funga

Loweka utepe kwenye ndoo dakika 10. Unalainika na nyuzi hazirushi vumbi.

Anzia mwisho wa chini, panda kuelekea kwenye motere. Wengi wanaanzia juu. Fikiria mabati ya nyumba: la juu hulalia la chini, maji yanateleza. Ukianzia chini, kila mzunguko unalalia ule uliotangulia vilevile. Vuta kwa nguvu wakati wote. Kwenye kona, upande wa ndani utajikunja, upande wa nje ndio wa kulinda usiachie nafasi. Kaza kwa kolie ncha zote mbili na moja katikati. Sonda ya oksijeni, kile kipimo kinachochomekwa kwenye bomba la moshi, kama gari linayo, usiifunike.

Hatua ya 6: Moto wa kwanza

Nje, milango wazi. Utepe utatoa moshi dakika 15 hadi 20, ni kawaida. Ukiendelea kutoka siku ya tatu, rudi hatua ya 3. Motere ikipoa, kaza kolie tena.

Hatua ya 7: Kila unapobadilisha mafuta

Mulika utepe wote. Doa la mafuta halioshwi: kata, tupa, ziba uvujaji, funga mpya. Gonga bomba kwa nyundo ndogo juu ya utepe. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya boksi. Msimu wa mvua mimi naifungua kolie ya chini na kuangalia chuma kwa macho kila mwezi. Shofere wa ile Hiace nimempangia Jumamosi.