SOMO: Kompyuta za nyumbani hazionani? Anza na namba, jina baadaye

Asalaam aleikum ndugu zangu. Hapa kwetu Langoni, Lamu, kompyuta ya mezani iko chini na ndiyo ina picha zote za harusi ninazopiga, laptopu ya kueditia iko orofani, na nimepanda na kushuka ngazi wiki nzima na flashi mkononi kwa sababu laptopu ilikuwa haiioni ile ya chini. Nilivyokuja kuelewa, kosa letu wengi ni lile lile: tunafungua Network, jina la kompyuta halipo, tunaanza kubonyeza kila setingi mpaka hatujui tena tumebadilisha nini. Jina kutoonekana si kwamba njia imekatika. Kwa hivyo fuateni namba, yaani anwani ya IP ambayo rauta inaipa kila mashine. Hii ni Windows 10 na 11.

1. Angalia kama ziko mtandao mmoja. Kila mashine fungua cmd (lile dirisha la kuandika amri), andika ipconfig, soma mstari wa IPv4. Moja ikiwa 192.168.1.5 na ya pili 192.168.1.9 sawa, hao majirani. Lakini moja 192.168.1.5 na nyengine 192.168.0.7, hiyo ni mitaa miwili, na hapa Lamu hili ndilo linatusumbua zaidi manake kuta zetu za matumbawe na chokaa ni nene, waifai haipenyi, mtu ananunua rauta ya pili aweke juu, na ile ya pili inaanza kugawa namba zake yenyewe. Dawa ingia kwenye setingi za hiyo ya pili uiweke iwe access point, isambaze waifai tu, kugawa namba iachie ya kwanza. Ukiona namba inaanza na 169.254 basi mashine haijapewa namba na rauta, shughulikia kebo au waifai kwanza. Na usiwe umeingia kwenye waifai ya wageni, hiyo mara nyingi inazuia mashine zisionane.

2. Windows ikikutana na mtandao mpya kwa kawaida inauchukulia kama wa hotelini, inajificha. Nenda setingi za mtandao, toa Public weka Private, halafu kwenye Advanced sharing settings washa Network discovery na File and printer sharing. Fanya kwa mashine zote mbili.

3. Kwenye cmd ya laptopu ya juu andika ping 192.168.1.5 (weka namba ya kompyuta yako ya chini). Ikijibu, njia ipo. Isipojibu na hatua mbili za kwanza ziko sawa, tazama antivirasi kama imekuja na fayawoli (ukuta wa kuzuia wavamizi) yake. Ile fayawoli ya Windows jamani msizime. Najua wako wanaosema zima tu itakubali, mimi hilo sikubaliani nalo kabisa, faili zinapita mlango (port) wa 445 na ni mlango huo huo kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita kikiruka mashine hadi mashine, kikitumia tundu la SMB 1, ile njia ya zamani ya Windows ya kushea faili. Basi na hiyo SMB 1 msiirudishe pia.

4. Kwenye kompyuta ya chini shea folda: klik ya kulia, Properties, Sharing, Advanced Sharing. Hapa tulizaneni, ruhusa ziko mahali pawili, kwenye Sharing na kwenye Security, na ukija kwa mtandao ile inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Ukiona folda inaonekana lakini haifunguki, nenda Security.

5. Kwenye laptopu ya juu bonyeza Windows na R, andika \\192.168.1.5. Ikiuliza jina na paswodi, weka za kompyuta YA CHINI, si za laptopu unayoshika. PIN haikubali hapa, ni paswodi yenyewe. Mimi nimefungua akaunti ndogo kule chini kwa kazi hii tu, ina paswodi yake na nimeipa folda moja ya picha, na toka hapo raha.

Ikishakubali ingia kwenye rauta uifungie kompyuta ya chini namba yake, manake stima ikipotea ikarudi namba huenda zikabadilika.

MASWALI

Wa Maweni, Malindi: Mwalimu, kwa namba yafunguka vizuri ila jina jana lilikuwepo leo halipo.

Jibu: Kaka njia yako iko salama. Kwenye kompyuta inayoshea fungua services.msc, tafuta Function Discovery Resource Publication, iweke Automatic uiwashe.

Binti Shela: Paswodi ni sahihi kabisa nimeikagua mara tatu na bado yakataa 😩

Jibu: Pole dada. Huenda laptopu imeshika paswodi ya zamani, fungua Credential Manager ufute ile ya hiyo kompyuta, halafu jina liandike kamili, jina la kompyuta, mkwaju wa nyuma (\), jina la akaunti.

Fundi wa Ngomeni: Nimepandisha Windows 11 Pro kuwa 24H2, diski niliyochomeka kwenye rauta haina paswodi na saa hii haifunguki kabisa, awali ilikuwa sawa.

Jibu: Toleo hilo limekaza, halikubali mgeni asiye na paswodi na linataka mawasiliano yawe na saini ya kidijitali. Iwekee diski jina na paswodi kwenye setingi za rauta, na usasishe programu ya rauta. Kama rauta inajua SMB 1 peke yake, hamishia diski kwenye kompyuta uishee kutoka hapo.

Wa Maweni, Malindi: Jina limerudi, shukran sana. Sasa baada ya nusu saa hivi yapotea yote, namba na jina.

Jibu: Hiyo kompyuta inayoshea imelala. Setingi za umeme, sleep weka Never ikiwa kwenye chaji, skrini iache izime, haina neno.