Hesabu tunutu, yaani watoto wa nzige, mapema, kabla hawajashika njia moja

Nzige akiwa peke yake hana shida sana, anatangatanga tu leo huku kesho kule na huwezi kujua atageukia wapi. Shida ni wakibanana. Watu wa hesabu walitengeneza modeli ambapo kila mdudu anaenda ovyo ovyo ila anaangalia walio karibu naye wanaelekea wapi, halafu mwaka 2006 watafiti wakaweka tunutu kwenye uwanja wa duara maabara wakawa wanaongeza idadi, na ikatoka vile vile kama modeli: wakiwa wachache kila mmoja na njia yake, wakiongezeka wanaandamana lakini wanageuka ghafla, wakipita kama 74 kwa mita moja ya mraba wote wanashika upande mmoja na hawageuki tena.

Sasa wakulima wa Samburu, Isiolo, Marsabit, mnakumbuka yale makundi yaliyoingia Kenya kupitia Mandera mwisho wa 2019. Kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80 na upepo unalipeleka hata kilomita 150 kwa siku, hapo ukipiga debe kuwafukuza unawahamishia tu kwa jirani. Nafasi yenu ni wakiwa tunutu, bado hawajaota mabawa.

Kwa hiyo mvua ikinyesha kagueni sehemu za mchanga wenye unyevu, mkiona nzige wakubwa wanataga wekeni alama, kwenye joto mayai yanaanguliwa kama wiki 2 hivi. Wakitoka pima mraba wa mita moja kwa vijiti vinne uhesabu walio ndani. Na tafadhali usichague pale penye wengi tu, tupa jiwe, lilipoangukia ndio upime, rudia sehemu kumi ama zaidi na uandike hata sifuri, maana sifuri nayo inasaidia kujua wameishia wapi. Angalia rangi pia, wa kijani bado wako wapweke, wa njano na nyeusi wameshaanza kukusanyika. Hiyo 74 ni ya maabara, shambani kuna nyasi na mabonde, usikae kuisubiri, mpigie chifu ama afisa kilimo siku hiyo hiyo umwambie mahali, idadi na wanakoelekea.

Dawa ikishapigwa msiokote nzige wa kula wala kulisha kuku, na mifugo isirudi hapo mpaka waliopiga waseme ni salama.