SOMO: Kuiandaa nyumba ya Houston kabla ya baridi ya kugandisha

Ndugu zangu wa Houston na vitongoji vyake, baridi ya kugandisha huku haiji kila mwaka, ndiyo maana hutukuta tumejisahau. Februari 2021 ilishuka hadi nyuzi 13 za Farenhaiti, karibu 11 chini ya sifuri kwa Selsiasi tuliyosoma nyumbani. Mamilioni ya kaya za Texas zikakosa umeme, na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Wewe utajifunika blanketi. Mabomba je? Nyumba nyingi za huku zimekaa juu ya zege, hazina chumba cha chini, hivyo mabomba hupitishwa darini, na dari halina tofauti kubwa na nje.

1. Ijue koki kuu, leo. Mara nyingi iko ukutani kwa nje pale maji yanapoingia, au gereji. Yenye mkono mrefu huzungushwa robo tu, mkono ukae kukingama na bomba. Yenye gurudumu huzungushwa kulia mpaka ikome. Ifunge, kisha fungua maji jikoni. Yakiendelea kutoka baada ya dakika chache, koki imechoka. Ita fundi sasa, maana wiki ya baridi hutampata. Kama huna koki ukutani, maji hufungwa kwenye mita, ndani ya kile kisanduku karibu na barabara. Ufunguo wake unauzwa duka la vifaa vya ujenzi.

2. Nje. Chomoa mpira wa bustani, huo ukibaki unashikilia maji ndani ya bomba. Visha bomba kifuniko cha sponji, au taulo kuukuu na mfuko wa plastiki juu. Mashine ya kumwagilia majani ina vyuma vya shaba vilivyosimama juu ya ardhi. Funga maji yake na uvifunike pia.

3. Siku moja kabla. Jaza madumu na beseni la kuogea, chaji simu, weka chakula kisichohitaji kupikwa. Fungua milango ya makabati ya chini ya sinki ili joto la ndani liyafikie mabomba.

4. Usiku wenyewe: kuchuruzisha maji bombani au kufunga koki kuu? Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9. Barafu husukuma maji yaliyobanwa kati yake na bomba lililofungwa, na msukumo huo ndio unaopasua, mara nyingi mahali ambapo hapajaganda hata kidogo. Ukichuruzisha, msukumo unapata pa kutokea. Lakini mji mzima ukichuruzisha, presha inashuka. Mwaka 2021 Jiji la Houston liliwaomba watu wasifanye hivyo. Mimi naona heri kufunga na kumwaga, hasa umeme ukikatika. Funga koki kuu, hita ya maji ya gesi iweke kwenye moto mdogo wa kuwashia (ya umeme izime kwenye swichi yake), fungua bomba za ghorofani, kisha ile ya chini kabisa nje, halafu vuta maji ya choo. Ukisikia bomba linavuta hewa, limekauka.

5. Joto. Jiko la mkaa lisiingie ndani, hata gereji yenye mlango wazi. Tumelizoea, lakini nyumba za huku zimezibwa, na gesi yake ya sumu (carbon monoxide) haina harufu. Mwaka 2021 iliua watu hapa. Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka madirishani. Nunua king'ora cha gesi hiyo kinachotumia betri.

Maswali ya wanachama

Wa Gulfton: Yaya, sisi tuko mu apatimenti, hiyo koki haiko yetu. Tufanye je?
*Jibu:* Ndugu yangu, ofisi ikitangaza kufunga maji, jazeni vyombo mapema. Isipofunga, churuzisheni uzi mwembamba, baridi na moto, kwenye bomba zilizo ukuta wa nje, na joto la ndani lisizimwe hata mkisafiri.

Wa Katy: Shikamoo. Bomba la jikoni limekauka lakini sioni maji popote. Nilipashe kwa moto?
*Jibu:* Marahaba. Moto hapana, unachoma nyumba. Acha bomba wazi, tumia mashine ya kukaushia nywele ukianzia upande wa bomba la kutolea. Kupasuka huonekana barafu inapoyeyuka, kwa hiyo koki iwe imefungwa. Ukiifungulia, fungua kidogo kidogo, na mtu mwingine asikilize darini.

Wa Alief: Kaka, hita yetu haina tangi, imetundikwa nje ukutani.
*Jibu:* Hiyo hujikinga kwa umeme. Umeme ukikatika, funga maji yake na uimwage kwa vile vikoki vya chini.

Wa Pearland: Na dari likishaanguka, bima inalipa?
*Jibu:* Mara nyingi ya mwenye nyumba hulipa, kama hukuzembea. Vitu vya mpangaji vinahitaji bima yake mwenyewe. Piga picha kabla ya kuondoa zulia, na kipande cha bomba kilichopasuka usikitupe, wataomba kukiona.