Iandae taima kabla muundo haujaonekana

Nimelijua hili jana usiku hapa Ngamiani, Tanga, keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) iliponiangukia mara tatu. Ukiomba kumbukumbu kwa kmalloc, kigawa kumbukumbu cha keneli, na muundo wako (struct, kifurushi cha data) una taima ndani, yaani saa ya kuita kazi (function) baadaye, ita timer_setup ya kuiandaa papo hapo, kabla hujauweka muundo kwenye orodha yoyote. Kmalloc haisafishi: ndani mnabaki takataka za aliyetangulia, mod_timer, inayopanga muda wa taima, ikazisoma ikadhani taima tayari iko foleni, ikajaribu kuichomoa na kuandika mahali pasipo pake. Kzalloc, inayojaza sifuri, nayo haitoshi jamani, sifuri si anwani ya kazi ya kuitwa. Chaguo la kujenga keneli CONFIG_DEBUG_OBJECTS_TIMERS likiwashwa huitaja taima isiyoandaliwa. Ila taima inayosubiri usiiandae upya, utavuruga foleni. Izime kwanza kwa timer_delete_sync.